CH341A: kifaa cha bei ndogo kinachofufua kompyuta iliyokufa ikisasisha BIOS

Karibuni sana, ndugu watazamaji. Hiki nilichokishika ni kifaa cha kusomea na kuandikia chipu za BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta. Kinaitwa CH341A, na jina hilo ni la chipu kubwa mnayoiona hapa katikati, inayotengenezwa na WCH, kampuni ya Nanjing kule China. Upande huu kina kichwa cha USB, upande ule kuna soketi yenye kimkono cha chuma cha kubania chipu. Ukiagiza unalipa dola chache tu, na hata ukichukua seti yenye klipu ya kubana chipu ikiwa bado kwenye bodi na adapta zake, bado ni nafuu kuliko kununua mazabodi nyingine, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Nimekitumia kiasi cha kuweza kusema bila kusita: fundi anayegusa kompyuta za mezani awe nacho. Ila toleo hili jeusi lina kasoro ya umeme ambayo wauzaji hawaisemi. Tutafika hapo, na naomba sehemu hiyo usiiruke.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hivi karibuni mama mmoja mwenye steshenari aliniletea kompyuta yake, zile za ofisini zinazotufikia zikiwa zimeshatumika nje. Ilikuwa inasasisha BIOS, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Umeme uliporudi, akibonyeza kitufe feni inazunguka, taa inawaka, skrini giza. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine akaambiwa mazabodi imekufa, atafute nyingine. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo inayonilipia kodi ya fremu. Niambie ukweli." Nikamwambia, "Mama, niachie kwanza niisome chipu yake, ndipo nikujibu."

Sikumjibu hapo hapo kwa sababu kompyuta ya namna hii, mara nyingi, hakuna kilichoungua ndani yake. BIOS ni programu ya kwanza kabisa ambayo prosesa huisoma inapopata umeme, na inakaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8 iliyochomelewa juu ya mazabodi. Kusasisha ni kufuta yaliyomo na kuandika mapya. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kumaliza kuandika, prosesa inakuta maelekezo nusu, inakwama. RAM ni nzima, diski ni nzima, mafaili ya mteja yote yapo. Kilichoharibika ni maandishi ndani ya chipu, na maandishi yanaandikika upya.

Utajuaje kuwa tatizo ni BIOS na siyo RAM au saplai ya umeme? Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji kifaa chochote. Toa RAM zote, kisha washa. Mazabodi yenye BIOS nzima italalamika: italia kama ina spika, au taa ya kitufe itapepesa kwa mpangilio fulani, kwa sababu BIOS ndiyo inayotafuta RAM na kutoa hizo alama. Ikikaa kimya kabisa, ile ile kama ilivyokuwa RAM ikiwepo, basi anayepaswa kulalamika mwenyewe hayupo. Hapo wasiwasi wangu wote nauelekeza kwenye chipu. Kwa kompyuta za HP za biashara angalia pia hesabu ya taa: ikipepesa nyekundu mara 2 kisha nyeupe mara 2, inakwambia yenyewe kwamba BIOS imeharibika na haikupata nakala ya kujiponya.

Sasa, kabla hujatoa hata shilingi kununua CH341A, jaribu njia za bure. Dell nyingi za kuanzia mwisho wa mwaka 2015 zina njia ya kujiponya: shikilia Ctrl na Esc kwenye kibodi huku ukiwasha, ikiwa faili la BIOS umeliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, kwa jina la BIOS_IMG.rcv. HP nyingi zinataka Windows na B pamoja na kitufe cha kuwashia. Mazabodi za kujiundia mwenyewe, nyingi sasa zina kitufe nyuma kinachoandika BIOS bila hata prosesa wala RAM kuwepo, inatosha saplai iwe imechomekwa. MSI wanataka faili liitwe MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin. Ukikosea jina, mazabodi hailioni faili, na hapo watu wengi hukata tamaa wakati dawa iko mkononi.

Kutoa betri ya saa, ile CR2032? Toa, haina madhara. Lakini fahamu unachofanya: unafuta mipangilio, hauandiki BIOS. Kama programu yenyewe imekatika katikati, utatoa betri hiyo mpaka kesho na skrini itabaki giza. Nasema hivi kwa sababu mafundi wengi wanaishia kwenye betri, kisha wanatoa hukumu ya kifo.

Kompyuta ya mama yule zote hizo ilizikataa. Basi tuje kwenye kifaa chetu.

Kasoro niliyoitaja ni hii. Chipu nyingi za BIOS za mezani zinatumia umeme wa volti 3.3. Chukua chipu ya W25Q128JV ya Winbond, datashiti yake, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inataka kati ya volti 2.7 na 3.6. Kijibodi hiki cheusi kweli kinaipa chipu 3.3 kwenye mguu wake wa umeme. Tatizo ni kwamba CH341A yenyewe inakula volti 5 moja kwa moja kutoka USB, kwa hiyo nyaya za data zinazotoka kwake zinapanda kuelekea volti 5. Shikeni multimeta, pimeni wenyewe mguu wa data, mtaona. Chipu nyingi zinavumilia, ndiyo maana watu wanakitumia na kusema hakina shida. Mimi sikubaliani nao. Unapobana klipu juu ya mazabodi, nyaya hizo hizo zimeunganishwa na chipseti, ile chipu kubwa inayosimamia mazabodi, na chipseti hukuja kuipima uvumilivu. Mteja amekuletea mazabodi inayotibika, usiirudishe ikiwa imeungua kweli.

Dawa ziko mbili. Mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anainua mguu namba 28 wa CH341A usiguse bodi, anaupa volti 3.3 pamoja na mguu namba 9. Ndivyo datashiti ya WCH inavyoelekeza kama unataka chipu hiyo ifanye kazi kwa 3.3. Kwa asiyetaka kuchomelea, kuna toleo la kijani, lile la v1.7, lenye swichi ya kuchagua volti. Ukiwa dukani na yote mawili yako mbele yako, chukua la kijani.

Kingine cha umeme: kuna chipu za volti 1.8, na hizo ukizipa 3.3 unaziua. Soma maandishi juu ya chipu kabla ya kubana chochote. Kwa chipu za kampuni ya Macronix, MX25L ni ya 3.3, MX25U ni ya 1.8. Kwa Winbond, W25Q128FW au JW ni ya 1.8. Ukikuta ya 1.8 utahitaji ile adapta ndogo inayokaa kati ya kifaa na klipu. Maandishi yakiwa yamefifia, pitisha chaki juu yake kisha uyaangalie kwa tochi ya simu kutoka ubavuni.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi zaidi. Mliokuwepo mnakumbuka kirusi cha CIH, kile kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1999 na kufuta BIOS kwenye kompyuta nyingi duniani. Wakati ule chipu nyingi zilikaa kwenye soketi, fundi anaichomoa kwa mkono na kwenda kuiandika kwingine. Siku hizi nyingi zimechomelewa, na ndiyo sababu tunahitaji klipu.

Klipu yenyewe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika seti hii, nawaambia wazi. Chuma chake ni laini, kinapinda, na inapenda kuteleza. Chomoa waya wa umeme wa kompyuta, toa betri ya saa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Tafuta kidoti kwenye kona ya chipu, huo ni mguu namba 1, na waya mwekundu wa klipu ukae hapo. Bana kwanza, ndipo uchomeke kifaa kwenye USB ya kompyuta yako nzima unayofanyia kazi, moja kwa moja, siyo kupitia hab.

Fungua programu. Windows natumia NeoProgrammer au AsProgrammer, Linux natumia flashrom, zote za bure. Kitu cha kwanza bonyeza kutambua chipu. W25Q128JV ya volti 3.3 kwa kawaida hujibu kwa namba yake ya utambulisho, EF 40 18. Ukipata FF FF FF au 00 00 00, klipu haijagusa, usiendelee hata hatua moja. Toa, futa miguu ya chipu kwa spiriti, bana upya. Kuna mazabodi ambazo klipu haiziwezi kabisa, kwa sababu umeme mdogo wa kifaa unanyonywa na sehemu nyingine za bodi. Hizo itabidi uing'oe chipu kwa hewa ya moto na kuiweka kwenye soketi.

Ikishatambulika, soma yaliyomo na uyahifadhi. Kisha soma tena, uhifadhi kwa jina jingine, na ulinganishe mafaili hayo mawili. Yakitofautiana hata baiti moja, mguso ni mbovu. Chipu ya megabiti 128 lazima itoe faili la baiti 16,777,216, si pungufu wala zaidi.

Najua kuna mtu anasema, BIOS imeshaharibika, nihifadhi ya nini? Ndugu yangu, sikiliza vizuri hapa, ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye kompyuta za Intel chipu hii haina BIOS peke yake. Imegawanyika: kuna sehemu ya mwanzo inayoeleza mgawanyo, kuna Management Engine, programu ya Intel inayojiendesha yenyewe pembeni ya prosesa, mara nyingi kuna sehemu ya kadi ya mtandao yenye anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kadi hiyo, halafu ndiyo BIOS. Namba ya utambulisho ya kompyuta (serial number) imo humo. Na kwa mashine zilizotoka na Windows 8 au za baadaye, ufunguo wa leseni ya Windows nao mara nyingi umo humo. Ukipakua faili la mtu mwingine mtandaoni ukaliandika lote kama lilivyo, kompyuta itawaka, mteja atafurahi, lakini umempa namba na MAC ya mashine ya mtu mwingine. Na Management Engine isipokuwa sawa, kuna kompyuta zitakazojizima zenyewe kila baada ya dakika 30. Mteja atarudi, na hapo utakuwa huna tena nakala ya asili ya kurejea.

Ninachofanya mimi ni kupakua BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, ya modeli ile ile, kuifungua kwa UEFITool, programu ya kuchambua mafaili ya BIOS, na kuchukua sehemu ya BIOS tu. Faili la mtengenezaji mara nyingi limefungwa na ganda, au lina sehemu ya BIOS peke yake, kwa hiyo usiliandike kama lilivyoshuka. Sehemu hiyo naiweka ndani ya nakala niliyosoma, mahali pake, nyingine zote nikiziacha kama zilivyokuwa. Ila kabla ya kuifunika ile ya zamani, tazama kama namba ya kompyuta na ufunguo wa Windows vimekaa upande huo wa BIOS, maana watengenezaji hawafanani. Kama vipo, virudishe. Faili jipya liwe na ukubwa ule ule kamili. Kazi hii inachukua muda kuliko kuandika kwenyewe, na hapa ndipo unapostahili malipo yako.

Kuandika ni kufuta, kuhakikisha chipu ni tupu, kuandika, na kulinganisha. Usiruke kulinganisha. CH341A ni ya polepole, inachukua dakika kadhaa kwa chipu ya ukubwa huu, na laptopu unayotumia iwe na chaji ya kutosha.

Mashine ya mama yule ilisomeka, chipu ilikuwa nzima, karibu nusu ya sehemu ya BIOS ilikuwa imejaa FF tupu, yaani ilifutwa bila kuandikwa. Nilipomaliza nikawasha, ikajizima, ikawaka tena, skrini ikabaki nyeusi kwa muda. Usishtuke ikikutokea na usichomoe umeme. Inaipima RAM upya na kujenga mipangilio yake. Kisha nembo ikatokea. Nikarekebisha saa na tarehe, Windows ikafunguka na leseni yake, kazi zake zote za steshenari zikiwa pale pale. Nilipompigia simu nilimwomba pia anunue UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, kwa sababu kusasisha BIOS kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kwa umeme wetu huu, mimi sikushauri hata kidogo.

Kwa anayetaka kununua sasa hivi: chukua la kijani lenye swichi, ongeza adapta ya 1.8, na pesa uliyookoa ihamishie kwenye klipu bora, maana ile inayokuja kwenye seti haikai. Ukiwa na kazi nyingi kila wiki, itazame CH347, nayo ni ya WCH. Inatumia USB yenye kasi kubwa zaidi na nyaya zake za data ni za volti 3.3 tangu kiwandani, kwa hiyo ile kasoro haina. Bei yake iko juu kidogo. Ninayo moja hapa ndani ya boksi, na kwenye video ijayo nitaziweka mezani zote mbili, chipu ile ile, tuone tofauti ya dakika.