Nimerekodi kwaya nzima kwa REAPER bila kuona skrini: uchambuzi wangu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Kamera leo ameshika mdogo wangu. Akinikata kichwa mlaumuni yeye, mimi sioni, sihusiki.

Swali linalorudi kila siku ni hili: "Kaka, wewe huoni, hizo nyimbo unarekodije?" Leo najibu kwa vitendo. Programu yangu ya kurekodi na kumiksi ni REAPER. Inatoka kampuni ya Cockos ya Marekani, ya Justin Frankel, yule yule aliyetupa Winamp, ile programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta. Wazee wa intaneti kafe mnaikumbuka. Sasa, REAPER ukiiweka peke yake kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, ni kama bubu, haikuambii mengi. Kinachoifungua mdomo ni OSARA, nyongeza ya bure iliyoanzishwa na James Teh wa Australia, asiyeona kama mimi, na mmoja wa waanzilishi wa NV Access wanaotengeneza kisoma skrini cha NVDA, ambacho nacho ni cha bure.

Sikilizeni. Kontroli na T... mmesikia? Traki mpya, yaani mstari wa kurekodia sauti moja. Naipa jina, "soprano". F7, imekuwa tayari kurekodi. Mshale wa chini, mshale wa juu, natembea kwenye traki na kila moja inanitajia jina lake. Kontroli na R, tunarekodi. Nikisahau kitufe ninabonyeza F12, halafu nagusa kitufe chochote: kinasema kazi yake bila kuifanya. Mimi F12 ndiyo ilinifundisha programu hii, kuliko mtu yeyote.

Kitu kilichoniuzia OSARA hasa ni Alt na W. Mwenzangu anayeona anaangalia zile taa za kijani na nyekundu kujua sauti isipasuke. Mimi hapa kinafunguka kidirisha cha kufuatilia kilele cha sauti kwa desibeli, na naweza kukiagiza kinishtue sauti ikivuka kiwango nilichoweka. Kwaya ina mama mmoja, akifika kwenye kiitikio anasahau kwamba kuna maiki. Nikaweka desibeli hasi 6. Alipovuka tu nikaambiwa, nikamwomba arudi nyuma hatua mbili, tukaendelea.

Kwenye kumiksi, kitufe ni P. Kinaniorodheshea madoido, yaani zana za kubadilisha sauti, yaliyo kwenye traki, nachagua moja, halafu naingia kwenye vipengele vyake, napanda na kushuka kwa mishale. Kanisani kulikuwa na feni inavuma muda wote. Nikafungua ReaEQ, zana ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, inakuja na programu yenyewe, nikakata kila kilicho chini ya hezi 100. Feni ikabaki kanisani.

Na hapa niseme kidogo. Watu huniambia, "wewe masikio yako makali, Mungu kakufidia." Hapana jamani. Miksi zangu za mwanzo zilikuwa matope, besi imemeza kila kitu. Nimejifunza kama prodyuza mwingine yeyote, kwa kurudia.

Haya, ubaya wake. Kwanza, plagini za nje, yaani madoido ya kampuni nyingine unayoongeza mwenyewe. Nyingi ni picha tupu, vitufe vimechorwa tu, kisoma skrini hakioni kitu. OSARA inajaribu kuzisoma kupitia P, lakini ukikutana na kipengele kinachosema "0.3478", ni sekunde, ni desibeli, ni nini? Niliwahi kununua moja kwa pesa ya maana, kampuni siitaji, ikawa pambo. Siku hizi sinunui kabla ya kujaribu toleo la majaribio.

Pili, na hili ndilo gumu: sauti mbili kwenye sikio moja. Unasikiliza tenor, na huku mashine inakusemesha. Dawa yangu ni hii: muziki unatoka kwenye kadi ya sauti ya nje kwenda hedifoni kubwa, NVDA inatoka kwenye laptopu yenyewe kwa kahedifoni kadogo ka sikioni, sikio la kushoto. Kabla sijajua hilo nilitumia spika, na maiki ikanasa NVDA ikitaja jina la traki katikati ya solo ya huyo huyo mama. Niligundua wanakwaya wameshatawanyika. Sasa kabla ya kurekodi, Insert na S, nabonyeza mpaka ikae kimya kabisa.

Msiwashe sauti ya Kiswahili ya eSpeak, ile sauti ya mashine inayokuja na NVDA, humu ndani. Ipo, ila maneno ya REAPER ni ya Kiingereza, utasomewa "vo-lu-me" mpaka ucheke.

Bei: unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijafungwa kitu. Ukiipenda, leseni ya watu wa kawaida ni dola 60, na leseni ya toleo la 7 inakuvusha mpaka mwisho wa toleo la 8. Ukiingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwenye kazi hiyo, utalipa 225. Nikifika huko nitalipa kwa furaha na nitawaalika kwenye pilau.

Kwa asiyeona anayeanza leo na mfuko mwepesi, mimi namwambia achukue hii. Sasa, mdogo wangu, sogeza maiki kwenye spika. Nawapigia kiitikio kwanza bila ReaEQ, halafu nayo. Sikilizeni ile feni.