Kifurushi cha kupika bluu ya Maya: udongo ni bora, kipeperushi kitakuharibia rangi

Kifurushi hiki kinaagizwa mtandaoni kutoka nje na kinafika Dodoma kikiwa na vitu vitatu: gramu 200 za unga mweupe wa udongo uitwao paligoskiti, gramu 10 za nili halisi (indigo, si ile ya kufulia), na kipeperushi cha maelekezo. Muuzaji anaahidi kwamba utapika nyumbani bluu ileile waliyopakia Wamaya wa Meksiko na Guatemala zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ahadi inatimia, ila si kwa kufuata kipeperushi. Udongo ni safi na wa aina sahihi, nili ni nzuri, lakini maelekezo ni mabovu pale pale panapoamua kama utapata rangi ya kudumu au unga wa kuchafua mikono.

Kwanza, kwa nini mchoraji wa Dodoma ajisumbue na rangi ya kupika. Anayechora ukuta wa nje kwa chokaa ana bluu chache za kuchagua. Bluu ya Prussia hugeuka kahawia ikikutana na chokaa. Nili tupu hupauka kwa jua, na jua la hapa ni la mwaka mzima. Ultramarini, ambayo ndiyo iliyo ndani ya nili nyingi za kufulia zinazouzwa madukani, inaivumilia chokaa vizuri ila asidi kidogo tu huiua. Thalosianini, bluu ya kiwandani, inadumu, tusiidharau, lakini ni kali mno: kijiko kimoja kikizidi ukuta mzima unapiga kelele. Bluu ya Maya inavumilia chokaa, asidi, jua na unyevu kwa pamoja, na weupe wa udongo unaipa utulivu unaokaa vizuri kando ya rangi nyekundu na manjano za udongo wetu. Vyumba vya Wamaya huko Bonampak, Chiapas, Meksiko, vilichorwa karibu na mwaka 790 na vikakaa ndani ya msitu wenye mvua nyingi. Watu wa nje walivifikia mwaka 1946, na bluu ilikuwa bado inasomeka.

Nguvu hiyo inatoka kwenye umbo la udongo. Paligoskiti ni silikati ya magnesiamu na alumini yenye nyuzinyuzi nyembamba sana, na ndani ya nyuzinyuzi hizo mna mifereji yenye upana wa nanomita 0.64 kwa 0.37. Kwa kawaida mifereji imejaa maji. Ukiupasha udongo hadi juu kidogo ya nyuzijoto 100 maji hayo huanza kutoka, na nili iliyosagwa pamoja nao hushika nafasi yake na kujifunga humo. Wanakemia bado wanabishana kama molekuli ya nili inaingia ndani kabisa au inaziba mdomo wa mfereji na kulala kwenye mifuo ya juu. Wasichobishania ni matokeo. Nili tupu ukiidondoshea asidi kali ya nitriki inavunjika kuwa kemikali iitwayo isatini na kugeuka njano. Iliyofungwa ndani ya paligoskiti inabaki bluu.

Sasa makosa ya kipeperushi. La kwanza ni kipimo. Kinakuambia umimine nili yote, gramu 10 kwa gramu 200 za udongo, yaani 5%. Ni nyingi mno. Bluu za kale zilizopimwa kwa kawaida zina nili chini ya 2%. Ikizidi nafasi iliyopo, nili ya ziada hubaki nje ya udongo: mwanzoni rangi inaonekana nzito na ya kuvutia, halafu inatoka kwenye kidole, inachuruzika, na ile iliyo nje inapauka kama nili yoyote. Tumia gramu 2 kwa gramu 200 za udongo. Ukitaka iliyokolea nenda hadi gramu 3, usivuke hapo. Mizani ya jikoni inayopima gramu nzima haitoshi kwa kazi hii. Tafuta ya sonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

La pili ni joto, na hili linawaumiza zaidi watu wa kwetu. Kipeperushi kinasema weka bakuli juu ya maji yanayochemka kwa nusu saa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Mvuke huo hautayatoa maji kwenye mifereji hata ukikesha nao. Kinachopatikana ni udongo uliopakwa nili kwa juu, na mtu anabaki kulaumu udongo bure.

Njia inayofanya kazi ni hii. Saga nili na udongo vikiwa vikavu kwenye kinu kidogo cha kaure, polepole, kwa nusu saa, mpaka usione hata chembe moja nyeusi. Chembe moja ya nili ambayo haikusagika itaacha mstari wa bluu kali ukutani brashi ikipita juu yake. Chekecha kwa kitambaa chepesi. Katika hatua hii unga una rangi ya bluu ya kijivu, imechoka, na wengi huingiwa na wasiwasi hapa. Tandaza kwenye trei ya chuma, kina kisizidi sentimita moja, uingize kwenye oveni ya nyuzijoto 150 kwa saa 5, ukikoroga kila baada ya saa. Ndani ya muda huo kijivu kinaondoka na bluu inafunguka, safi, ikielemea kijani kidogo. Badiliko hilo ndilo kipimo chako cha kwanza: rangi ikibaki ilivyoingia, joto halikufika. Umeme ukikatika katikati ya kazi usitupe kitu. Udongo uliopoa hunywa tena unyevu wa hewa, basi ukirudi umeme anza upya kuhesabu saa.

Asiye na oveni atumie jiko la mkaa na sufuria ya mchanga mkavu, kama wanavyokaanga karanga. Bakuli la chuma lenye unga lizamishwe ndani ya mchanga, na kipimajoto kichomekwe kwenye unga wenyewe, maana mchanga wa chini huwa na joto kubwa zaidi. Lenga kati ya 130 na 170. Ukiona moshi wa zambarau, nili inapaa: umekaribia nyuzijoto 300, na ukiendelea hivyo hata mifereji ya udongo itaanza kukunjika. Toa mkaa mara moja. Rangi iliyopita kwenye moto mkali kiasi inakuwa ya kijani zaidi, na wengine huipenda hivyo kwa makusudi.

Ikipoa, chukua kijiko kimoja, weka kwenye glasi, mimina asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha), koroga, acha itulie. Maji ya juu yakibaki bila rangi umefaulu. Yakiwa ya bluu kuna nili ya ziada: osha hivyo hivyo mara mbili au tatu, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Kipimo cha asidi ya nitriki ndicho cha uhakika zaidi, lakini kifanyike maabara mbele ya mwalimu wa kemia, si uani.

Jambo ambalo kipeperushi hakikulitaja kabisa, na tunalilaumu kwa hilo, ni vumbi. Paligoskiti yenye nyuzinyuzi ndefu kupita mikromita 5 imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Unga wa kifurushi hiki ni laini, na muuzaji hasemi urefu wa nyuzinyuzi zake. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi wakati wa kusaga na kuchekecha, usifanye kazi hiyo kwenye upepo wa Agosti, na futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Ikishakuwa rangi ya majimaji hatari hiyo haipo.

Ukutani inafanya vizuri zaidi kwenye lipu mbichi ya chokaa. Lipu ya mwisho iwe chokaa iliyozimwa na kulowekwa sehemu moja, mchanga mwembamba uliooshwa sehemu mbili. Unga wa rangi loweka kwa maji usiku kucha, uwe mzito kama uji mwepesi, upake kabla lipu haijakauka. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi inakausha lipu kabla chokaa haijashika, na rangi iliyopakwa hapo inapukutika. Lowesha ukuta jioni, fanya kazi alfajiri, tundika magunia yenye unyevu siku chache baadaye. Maji ya kisima yenye chumvi yataleta ukungu mweupe juu ya bluu. Tumia ya mvua, au yaliyochujwa ya kunywa. Usitegemee tabaka moja. Rangi hii haina nguvu ya kufunika, inataka mbili au tatu, na gramu 200 zitakupa takriban mita mbili za mraba.

Kwenye karatasi, changanya na ulimbo wa mgunga unaokusanywa Singida: sehemu moja ya ulimbo kwa mbili za maji ya moto, chuja. Udongo huu unanyonya sana, kwa hiyo ongeza gundi mpaka rangi iliyokauka isiache alama kwenye kidole. Ndani ya mafuta ya kitani matokeo ni mabaya: udongo unapitisha mwanga, bluu inazama na kuwa kijani cha giza. Wachoraji wa rangi za mafuta wasinunue kifurushi hiki.

Wapo watakaouliza kama udongo wa nchini hauwezi kutumika. Udongo mweupe wa Pugu ni kaolini, hauna mifereji; nili inakaa juu tu na kuondoka. Udongo wa bentoniti vilevile. Ulio karibu na paligoskiti ni sepioliti wa Sinya, kule Longido, ule uliokuwa ukichongwa kiko. Una mifereji, mipana zaidi, na unatoa bluu nzuri, ila haihimili asidi kama paligoskiti. Kwa picha ya ndani ya nyumba tungeujaribu bila wasiwasi.

Upande wa historia kipeperushi kinauza hadithi ya siri iliyopotea hadi majuzi. Si kweli. Mtafiti H. E. Merwin aliiona rangi hii Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya huko Yucatán, Meksiko, mwaka 1931, watafiti Gettens na Stout wakaipa jina mwaka 1942, udongo wake ukatambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1966 van Olphen akaitengeneza maabara kwa nili na paligoskiti. Mafundi wa Yucatán wenyewe hawakuacha kuujua udongo huo: unachimbwa Sacalum, na wafinyanzi wa Ticul wanauita sak lu'um. Mwaka 2008 mwanaanthropolojia Dean Arnold na wenzake walieleza bakuli la Chichén Itzá lililo katika makumbusho ya Field, Chicago, lililotolewa kwenye kisima kitakatifu mwaka 1904. Ndani yake mna utomvu wa kopali wenye mabaki ya udongo na nili. Walipendekeza kwamba rangi ilipikwa kwa moto wa kufukiza, mbele ya watu, kama sehemu ya ibada ya mvua. Chini ya kisima hicho kulikuwa na tope la bluu lenye kina cha zaidi ya mita 4, lililotoka kwenye sadaka zilizotupwa humo. Kaskazini ya Yucatán haina mito ya juu ya ardhi. Kila kitu kilingojea mvua ya Chaak, mungu wa mvua wa Wamaya, na mkulima wa Bahi au Chamwino hapa Dodoma ataelewa kwa nini rangi ya mvua ilipewa heshima kiasi hicho. Kopali hiyo, kwa ukoo wa mti, iko karibu na ubani na manemane kuliko sandarusi ya pwani.

Muuzaji huyohuyo ana kifurushi kikubwa chenye nyekundu mbili za Maya. Kiache. Moja ni hematiti, madini mekundu ya chuma, na hematiti ya udongo mwekundu tunayo: uoshe, uache mchanga uzame, kausha kinachoelea. Usiuchukue Kolo wala popote penye michoro ya miambani ya Kondoa. Eneo hilo ni urithi wa dunia tangu 2006 na kila kipande cha mwamba ni sehemu ya michoro. Nyekundu ya pili ni sinabari, ambayo ni zebaki na salfa. Wamaya waliimwaga makaburini. Haina kazi kwenye meza ya mwanafunzi, na ikipashwa moto inatoa mvuke wa zebaki.

Angalia pia unga ulio tayari unaouzwa kwa jina la bluu ya Maya kwa bei ya chini. Weka kijiko kidogo kwenye siki kali na uache hadi kesho. Ukipauka na kunuka yai viza, ni ultramarini. Rangi ikiwa imebaki vilevile lakini chembe moja inatosha kutia rangi glasi nzima ya chokaa, ni thalosianini iliyochanganywa na chaki.

Kwa bei, kifurushi pamoja na usafirishaji kinakaribia ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji. Ni ghali, lakini kwa kipimo sahihi nili ya gramu 10 inatosha kilo nzima ya udongo. Agiza kifurushi kimoja, kisha mwombe muuzaji gramu 800 za udongo peke yake. Anaziuza, ingawa hazimo kwenye orodha yake ya bidhaa.