Springi ya nyuma ya macho yaliyogeuzwa kwa Ford Model A

Model A ya 1928 hadi 1931 ina springi moja tu nyuma, ya majani, iliyokingama juu ya ekseli. Hii ya kampuni ya Posies, iitwayo Super Slide, ina macho ya jani kuu (yaani vitundu vya kwenye ncha zake) yaliyokunjwa kinyume na ya kiwandani, kwa hiyo gari linashuka kama inchi 1 bila kukata chasisi. Kwenye ncha za majani kuna vipande vya plastiki vya kutelezea: chuma hakisagani na chuma, na ule mlio wa kitanda kibovu unakwisha.

Kazi yenyewe ndiyo yenye hatari. Hata ekseli ikining'inia, springi bado imejibana. Ukigonga shakoli (viungo vinavyoshika macho ya springi kwenye ekseli) zitoke bila kitanuzi, kifaa cha kutanua springi, ncha inaruka na kuvunja mkono. Tanua kwanza, toa shakoli, kisha legeza yuboti mbili za katikati, bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye chasisi. Senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote, usiiguse kabla hujabana majani kwa klampu mbili imara.

Wakati wa kurudisha, hakikisha kichwa cha senta bolti kimekaa kwenye tundu lake, ndipo ukaze yuboti kidogo kidogo kwa zamu. Yuboti iliyolegea ndiyo inayokata senta bolti, wala si ubovu wa chuma.

Shusha gari, tazama shakoli: nyuzi 45 hivi ndiyo sawa. Zikisimama wima, gari linayumba. Zikilala, springi haina pa kunyookea. Pima pembe hiyo gari likiwa na uzito kamili, bodi na tangi vikiwepo. Bushi na shakoli mpya agiza pamoja. Za zamani huwa zimelika upande mmoja.