Tathmini ya Jioni za Zen katika Msitu Mweusi, kwa Njia Aliyoiacha Karlfried Graf Dürckheim

Katika eneo la Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani, bado kuna watu wanaofundisha tafakuri ya Zen, yaani ile ya kuketi kimya iliyotokana na Ubuddha wa Japani, kwa kufuata njia ya Karlfried Graf Dürckheim, mwanasaikolojia aliyeitumikia serikali yake nchini Japani wakati wa vita na ambaye, aliporudi kwao, alitumia zaidi ya miaka 30 kuwafundisha watu kuketi kimya. Kikundi ninachokitathmini hapa hukutana jioni moja kila wiki katika ukumbi wa kukodi. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa pamoja na sifa nyingi ninazokipa ninalo pia lalamiko moja zito, nalo linahusu namna Dürckheim anavyokumbukwa.

Nianze na huduma yenyewe. Anayekuja kwa mara ya kwanza huombwa afike kabla ya wenzake ili aelekezwe namna ya kukaa, na maelekezo hayo hayafanywi kwa haraka. Ukumbini kumetandikwa vigodoro vya mraba, na juu ya kila kimoja pana mto wa duara, mnene na mgumu kiasi, uliojazwa sufi ile ile tunayoijua kwenye magodoro na mito ya nyumbani. Mwalimu humwonyesha mgeni namna ya kukalia ncha ya mto badala ya kati yake, ili nyonga ziinuke, magoti yote mawili yaguse kigodoro na uti wa mgongo unyooke bila kulazimishwa. Wasioweza kukunja miguu hupewa kibao kifupi cha kupigia magoti, au kiti cha kawaida, na sikuona hata mara moja mtu wa kiti akichukuliwa kuwa amekuja kufanya jambo pungufu. Mama mmoja mtu mzima, mwenye maumivu ya goti, alielekezwa kwa uangalifu ule ule waliopewa vijana.

Baada ya hapo kengele hupigwa, na watu huketi kwa dakika 25. Macho hubaki nusu wazi, yakitazama sakafu umbali mfupi mbele, na mikono hulazwa mapajani, mmoja juu ya mwingine, ncha za vidole gumba zikigusana. Kisha huja mwendo wa polepole wa kuzunguka ukumbi kwa mstari, ambao huipa miguu nafasi ya kuamka bila kuvunja ukimya, na baadaye watu huketi tena. Hakuna muziki wala sauti ya kuwaongoza watu wafikirie ufukwe au maporomoko ya maji, jambo ambalo kwangu ni sifa kubwa, kwa maana siku hizi tafakuri nyingi inayouzwa kwenye simu haimwachi mtu na nafsi yake hata kwa dakika moja.

Alama ya Dürckheim inaonekana hasa katika mafundisho ya pumzi. Yeye aliweka uzito wote kwenye tumbo la chini, mahali ambapo Wajapani huita hara, akiamini kwamba mtu wa Ulaya wa wakati wake aliishi juu mno, kifuani na kichwani, mabega yakiwa yamepanda kana kwamba kuna adui mlangoni. Mafunzo ya kikundi hiki yanafuata hatua zake nne: pumzi inapotoka mtu huyaachia mabega, kisha hujiteremsha na kutulia katika nyonga, kisha hujiacha awe kitu kimoja na utulivu huo, na mwisho huiruhusu pumzi mpya ije yenyewe bila kuivuta. Kwa maandishi mambo haya yanaonekana mepesi. Ukiyafanya unagundua jinsi mtu alivyozoea kuishika pumzi yake siku nzima, akiwa kazini, kwenye basi, hata mezani anapokula, na kwa nini Dürckheim alisisitiza kwamba mazoezi ya kweli ni maisha ya kila siku, yaani kufungua mlango, kupanda ngazi, kusimama kwenye foleni. Mwalimu wetu alitueleza tusimame kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji, asiye na haja ya kukaza shingo kwa kuwa uzito umekwisha kupata njia yake hadi ardhini. Sijui ni nani aliyemfundisha mfano huo huko Ujerumani, lakini kwangu ulifanya kazi kuliko maelezo yote ya misuli.

Sasa nimzungumzie mtu mwenyewe. Dürckheim alizaliwa Munich mwaka 1896 katika ukoo wa kikabaila, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa kijana mdogo, na baada ya vita akaukataa urithi wa mali ya familia. Katika miaka hiyo mwanamke aliyekuja kuwa mke wake alimsomea kwa sauti sura ya 11 ya Tao Te Ching, kitabu cha kale cha hekima cha Wachina, inayosema kwamba ni uwazi wa katikati unaolifanya gurudumu lifae, na tukio hilo fupi yeye mwenyewe alilihesabu kuwa mwanzo wa safari yake ya ndani. Alisomea saikolojia, akafundisha katika vyuo vikuu, na hadi hapo habari zake zinapendeza kusimuliwa.

Kinachofuata ndicho kinachonisumbua. Dürckheim aliutumikia utawala wa Hitler kwa hiari na kwa imani. Mwaka 1934 alitumwa Afrika Kusini kukutana na Wajerumani waliokuwa wakiishi huko na kuwashawishi washikamane na siasa za Kinazi, kisha akaingia katika ofisi ya Joachim von Ribbentrop, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje. Ilipobainika kwamba ukoo wa mama yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, uwepo wake ofisini ukawa aibu kwa wakubwa wake, na ndipo mwaka 1938 akapewa kazi maalumu ya kwenda Japani kuchunguza misingi ya elimu ya nchi hiyo. Aliyefukuziwa mbali kwa sababu ya damu yake hakuacha kuwasifu waliomfukuza: aliendelea kuandika na kuhutubia kwa niaba yao, na mwaka 1944 akatunukiwa nishani ya vita. Huko huko Japani ndiko alikokutana na msomi wa Zen D. T. Suzuki na kujifunza kutumia upinde. Vita vilipokwisha Wamarekani walimkamata na kumweka katika gereza la Sugamo, Tokyo, kwa miezi 16, na mwaka 1947 akarejea Ujerumani.

Katika kijiji cha Rütte, sehemu ya mji mdogo wa Todtmoos, yeye na mwanasaikolojia Maria Hippius walianzisha kituo kilichounganisha tiba ya nafsi na tafakuri, na huko akafundisha hadi alipofariki mwaka 1988. Hakuwa mtawa wa Zen. Alibaki Mkristo, na aliona kuketi kimya ni njia ambayo mtu wa dini yoyote anaweza kuipita.

Kipeperushi kinachogawiwa mlangoni na kikundi chetu kinayaeleza yote hayo kwa maneno machache: kwamba Dürckheim alikuwa mwanadiplomasia, kwamba aliishi Japani kwa karibu miaka 10, na kwamba alirudi na hazina. Kuhusu bwana aliyemtumikia hakisemi lolote. Nilipomuuliza mwalimu baada ya kipindi, alinijibu kwa uwazi, bila kukasirika wala kumtetea, na alikiri kwamba wengi wa wanaofika hawajui. Namheshimu kwa jibu hilo. Hata hivyo, jibu linalopatikana kwa anayeuliza tu halitoshi, kwa sababu kinachofundishwa hapa ni kuacha nafsi, kutii pumzi na kuliamini tumbo kuliko kichwa, na mwanafunzi ana haki ya kujua kwamba aliyeyaandika hayo aliwahi kuwa katika hali ya utulivu mkubwa huku akiutumikia uovu mkubwa. Hilo halifanyi mkao wake kuwa mbaya. Linaonyesha mahali mkao unapokoma na dhamiri inapopaswa kuendelea, na nadhani hilo lingekuwa somo lenye uzito kuliko sifa zozote zilizomo katika kipeperushi hicho.

Wasomaji wengi wataniuliza kuhusu dini. Ukumbini hakuna sanamu, bali mshumaa na ua moja. Kabla ya kuketi watu huunganisha viganja na kuinama kidogo, na mgeni huambiwa wazi kwamba anaweza kusimama tu kama imani yake haimruhusu. Inafaa kukumbuka kwamba Hugo Enomiya-Lassalle, padri Mjesuiti aliyeishi Japani na kunusurika bomu la Hiroshima, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya Zen kwa Wakristo wa Ujerumani. Mwislamu anayefikiria kwenda ningemshauri aulize kwanza saa za kipindi, kwa kuwa wakati wa baridi jua huzama mapema na kipindi huweza kuangukia wakati wa Magharibi au Isha, ingawa waandaaji walikubali bila shida mtu kutoka wakati wa mwendo wa polepole na kurudi.

Malipo ni mchango wa hiari unaowekwa katika kisanduku mlangoni, na hakuna anayesimama kutazama umetoa kiasi gani. Mazungumzo yote ni ya Kijerumani, hivyo asiyekimudu atafuata mkao na kengele lakini atakosa mafundisho mafupi ya mwisho, ambayo ni sehemu bora ya jioni hiyo. Vaa nguo pana za rangi iliyotulia, na soksi nene.

Ninaendelea kwenda, na nimewaandikia waandaaji kuwaomba waongeze mistari mitatu katika kipeperushi chao: Afrika Kusini mwaka 1934, ofisi ya Ribbentrop, na gereza la Sugamo.