Nguzo niliyotaka ivunjwe, fundi akakataa

Kibaraza changu kilikuwa na nguzo nne za tofali, nene kupita kiasi, na ukuta mfupi wa usawa wa kiuno uliozuia upepo wote. Nilitaka nguzo mbili za katikati ziondoke pamoja na ukuta huo. Fundi wa kwanza kuja kuangalia alisema ni kazi ya asubuhi moja, nyundo tu. Bahati yangu, siku aliyotaka kuanza nilikuwa na safari.

Huyu niliyemchukua hakuja na nyundo siku ya kwanza. Alikuja na ngazi na jino la msumeno wa chuma, akalipenyeza kati ya kichwa cha nguzo na boriti. Nguzo ya kushoto, jino likaingia huku likatokea kule: hiyo ilikuwa ya urembo, haijabeba kitu. Ya kulia likagoma. Hakuridhika, akapanda darini na tochi, kisha akaniita nione mwenyewe. Boriti ni mbao mbili, na maungio yake yamekaa juu ya nguzo ya kulia sawasawa. Ukiing'oa, kila kipande kinabaki kinaning'inia ncha moja, na paa linakifuata. Ubishi wangu uliishia pale kwenye ngazi.

Tukakubaliana ya urembo ivunjwe, ya kulia ibadilishwe kwa bomba la chuma jembamba. Kuondoa nguzo zote kungehitaji boriti mpya, na mhandisi wa kuipigia hesabu za uzito. Huko sikutaka kwenda.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi alivyolibeba paa. Aliweka jeki mbili za chuma, kila kipande cha boriti kikapata yake, na chini yake mbao nene ili uzito usitue kwenye kigae kimoja. Akakaza mpaka zikashika, akaacha. Nilimwambia aongeze kidogo, akacheka: ukikaza mno unaliinua paa, na plasta ya ndani inapasuka. Alikuwa amevuta uzi chini ya boriti, na kila baada ya muda anautupia jicho. Kuvunja kulianzia juu kushuka chini, tofali baada ya tofali, kwa tindo na nyundo ndogo. Polepole, ndiyo, lakini boriti haikucheza.

Sasa malalamiko. Hakuniambia kwamba chini ya ule ukuta mfupi hakuna vigae. Ulipoondoka, ukabaki mfereji mtupu ukingoni mwa kibaraza. Halafu kifusi: makubaliano yalitaja kuvunja, hayakutaja kuzoa, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa naruka rundo la tofali mlangoni mwangu. Ukiandikiana na fundi, hakikisha neno "kuzoa" limo.

Nondo za nguzo ya urembo alizikata kwa grinda usawa wa sakafu, zikapakwa saruji nyepesi juu. Mvua zilipoanza, madoa ya kutu yakajitokeza. Nilimpigia, akaja bila kununa, akachimba, akazikata chini zaidi na kuziba upya. Hakunitoza.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Vigae vya kuziba ule mfereji, vinavyofanana na vya zamani, navitafuta mpaka leo.