Matibabu ya VA (idara ya serikali ya Marekani ya waliokuwa wanajeshi) kwa sisi tunaokaa mashambani: nawapa nyota 4 kati ya 5

Wakenya wengi wakimaliza jeshi la Marekani wanaenda kununua nyumba huko mbali juu bei ni nafuu, alafu ndio wanaanza kuuliza hospitali iko wapi. Sisi tuko Montana, mzee wangu alikuwa Army, na hospitali ya VA ni Fort Harrison pale karibu na Helena, kutoka kwetu ni masaa mengi barabarani na theluji ikianguka ndio usiseme. Hii ni ya nyinyi mnaokaa kama sisi, wa Dallas na Minneapolis mambo yenu ni tofauti.

Kitu imetusaidia zaidi ni kutibiwa nje ya VA chini ya sheria inaitwa Mission Act ya 2018. Kama VA haina daktari wa kawaida ndani ya mwendo wa dakika 30 kwa gari, ama haiwezi kukupa apointimenti ndani ya siku 20, unaweza kwenda kwa daktari wa kibinafsi aliye karibu na VA ndio inalipa. Kwa spesholisti ni dakika 60 na siku 28. Lakini lazima VA ipitishe kwanza, tafadhali usijiendee tu.

Na lazima nimtaje Jon Tester juu amepigania hizi vitu miaka mingi. Ni mkulima wa Big Sandy, alikuwa seneta wetu kutoka 2007, na mtu wa kule anajua kwenda kliniki ni siku nzima imeisha. Zamani VA ilikuwa inalipa senti 11 kwa maili ukienda hospitali, hiyo ni pesa gani jameni, yeye ni mmoja wa waliosukuma mpaka ikafika 41.5. Alafu akiwa mwenyekiti wa kamati ya maveterani kwa Seneti alishikana na Jerry Moran wa Kansas, mtu wa Republican na yeye Tester ni Democrat, sheria ya PACT Act ikapita 2022. Hiyo ndio ya waliopumua moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwa kambi za jeshi, na si Iraq na Afghanistan peke yake, Somalia na Djibouti pia zimo! Mzee alipita Djibouti na asthma yake ilianza baada ya kutoka jeshini, kwa hivyo hakuambiwa athibitishe ni moshi gani ulimfanya augue. Kwangu hiyo sheria peke yake inatosha kumheshimu huyo mtu. Alishindwa kura 2024 na nilisikitika sana.

Nyota moja nimepunguza kwa nini? Hiyo senti 41.5 kwa maili iko hapo hapo tangu 2009 na mafuta yamepanda mara ngapi, na bado wanakata dola 3 kwenda na 3 kurudi mpaka zifike 18 kwa mwezi. Kuna kliniki ya kibinafsi pia ilitutumia bili yenye VA ilifaa kulipa, tukapiga simu hadi tukachoka. Na kuongea na daktari kwa video ni kuzuri sana lakini huku kwetu intaneti inakatika katikati ya maongezi.

Pesa ya safari ombeni ndani ya siku 30 baada ya apointimenti, wengi wanaiwacha ipotee. Na kama ulikuwa Djibouti ama Somalia na uko na shida ya kifua, ongea na ofisa wa maveterani wa kaunti yako hii wiki, hawalipishi.