Kamera za sura ya kizamani: kabla ya kununua, uliza kidole gumba

"Dada, nichukue ile ya kizamani au hizi za kawaida?" Swali hilo lilikuwa linakuja kila wiki. Siku hizi yanakuja malalamiko. Msomaji mmoja, mpiga picha wa sendofu na harusi hapa Dar, ananiambia kamera yake mpya, ya dijitali yenye sura ya kizamani, inasifiwa na kila mgeni ukumbini, ila ikifika saa nne usiku, keki bado haijakatwa, vidole vya mkono wa kulia vimeshakufa ganzi. Ameamua kuiacha ining'inie shingoni na kuishika pale tu anapopiga.

Megapikseli na video watakusimulia wengine. Mimi leo nina neno moja tu: kidole gumba.

Nikon Zf ya 2023 imechukua sura ya FM2, kamera ya filamu ya 1982. FM2 nayo ilikuwa bapa, haina mshiko wowote mbele. Lakini juu, upande wa kulia, ilikuwa na wenzo wa kuvutia filamu. Ukitaka kupima mwanga, unauvuta nje kidogo, na pengo linalobaki kati yake na bodi ndipo kidole gumba kinapojinasia. Bodi yenyewe gramu 540, na wengi waliifungia lenzi ndogo ya milimita 50. Mkono ulikuwa na kazi nyepesi na una pa kujishikiza.

Kamera ya dijitali haina filamu ya kuvuta, kwa hiyo wenzo umeondoka, na pengo la kidole limeondoka nao. Zf ina gramu 710 ikiwa na betri na kadi. Mtu wa harusi anaifungia lenzi ya kuvuta karibu (zoom) ya 24-70mm f/2.8, gramu 805 nyingine. Hiyo ni kilo moja na nusu kwenye ncha za vidole, kwa joto letu, kiganja kikiwa na jasho. Halafu unauziwa mshiko wa kuongezea, pesa mbali!

Wala jibu halikuwa siri. Canon ilitoa T90 mwaka 1986, mbunifu wa maumbo Luigi Colani akiwa na mkono wake katika umbo lile la mviringo linalofuata kiganja, na kamera nyingi za kazi za leo zimefuata njia hiyo. Wanaozicheka kwamba hazina sura hawajashinda nazo ukumbini.

Sasa orodha yangu. Ya kwanza ni Fujifilm X-T5, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Fuji. Gramu 557, ina kinundu mbele na kingine nyuma cha kidole gumba. Si vikubwa, ila vipo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba magurudumu yake hayadanganyi. Lenzi nyingi za XF, yaani za Fuji, zina pete ya apacha (tundu la kupitishia mwanga) yenye namba, kwa hiyo hata kamera ikiwa imezimwa unaona apacha, kasi ya shata na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ulizoweka. Kwenye Zf, ukiwa katika P au A, ambapo kamera inajichagulia kasi ya shata, namba iliyoandikwa kwenye gurudumu la shata ni pambo tu. Na ile lenzi ya Nikon ya 40mm f/2 SE imevalishwa sura ya zamani kabisa, ila pete yake haina namba hata moja. Basi uzamani uko wapi?

Ya pili X100VI, ya Fuji pia. Lenzi yake ya 23mm f/2 haibanduki, kwa hiyo gramu 521 zitabaki 521, huwezi kujiponza kwa lenzi nzito. Ni kamera ya kutembea nayo Forodhani. Ya harusi, hapana.

Ya tatu ndiyo Zf, kwa sharti moja: lenzi ndogo. Sensa yake ya fulu fremu, yaani kubwa sawa na fremu ya filamu ya 35mm, inafanya vizuri sana gizani, siibishii. Ila kadi ya pili ni microSD, imefichwa kwenye mlango wa betri. Jaribu kuitoa huku bibi harusi anaingia. OM-3 ya 2025, ya kampuni ya OM System, nayo ni bapa mbele, inaponea kwenye udogo wa lenzi zake.

Kama kamera ndiyo inayokulisha, achana na mapambo, chukua yenye mshiko. Fuji hao hao wana X-S20, gramu 491, na vidole vyote vinapata pa kukaa. Ubaya wake haijakingwa dhidi ya vumbi wala mvua.

Mwenye pesa kidogo, Nikon Z fc ipo. Nyepesi, haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi. Tuendelee.

Bei ndiyo inayonitoa machozi. X100VI ilitangazwa Februari 2024 kwa dola 1,599 Marekani, na kabla yake X100V iliyotumika ilikuwa inauzwa ghali kuliko bei yake ya mpya, kisa imevuma mitandaoni. Wauzaji wetu wamejifunza somo hilo haraka. Ukiuliza bei wanakutazama viatu kwanza. Chaja inahesabiwa peke yake, garantii ni "ya mdomo, dada, tunajuana". Kinachonikera kuliko vyote ni bodi tupu kwenye kabati la kioo: haina betri, haina lenzi, unapewa sekunde chache uishike, na bila shaka unaiona nyepesi. Nenda na lenzi yako kama unayo, omba iwekwe betri, ishike kwa mkono mmoja mpaka muuzaji achoke. Akikuambia ukigusa umenunua, duka la jirani wanauza hiyo hiyo.